Usiku Juu ya Mau, Mchana Chini ya Madaraja

Treni ya Kisumu iliondoka Nairobi saa kumi na mbili unusu jioni, na ilitarajiwa kuivuka Mau usiku wa manane. Kwa abiria wengi hiyo ni ratiba nzuri: unalala Bonde la Ufa, unaamkia ziwani. Kwetu ilikuwa kikwazo, maana tulikuwa tunakwenda kutazama madaraja, na madaraja tuliyoyataka yako kule kule treni inakopita gizani. Fundi hakuona shida yoyote. “Mwalimu,” aliniambia, “usiku tutayasikiliza, mchana tutarudi nyuma tuyaone. Chuma hujulikana kwa mlio kwanza.”

Fundi ana karakana yake Kariobangi Light Industries. Anatengeneza mageti, madirisha na vitanda vya chuma, na Jumamosi alasiri huvuka Outer Ring Road kuja Baba Dogo, kwenye ukumbi tunaoazimwa, ambako vijana wa mtaa wanajenga reli ndogo juu ya plaiwudi. Vijana hawa wamekulia kati ya viwanda vya Baba Dogo Road na Mto Nairobi. Honi ya treni ya Ruiru ikipita Dandora wanaijua, ila wengi wao hawajawahi kukaa ndani ya behewa. Ukiwapa historia ya reli ya Kenya kwa kitabu, watasoma, watafanya mtihani, watasahau. Ukiwaambia wapime mteremko, wakate mataruma kwa njiti za kiberiti, na wahakikishe injini haianguki kwenye kona, historia hiyo inaingia mikononi mwao. Nimeliona hilo kwa macho yangu na ndiyo sababu siachi kazi hii.

Kipimo tunachofuata ni 1:87, ambacho wajenzi wengi wa reli ndogo duniani hukitumia. Mita 87 za kweli zinakuwa mita 1 mezani. Reli ya zamani ya Kenya ina upana wa mita moja kati ya chuma na chuma. Ukiigawa kwa 87 unapata milimita 11 na nusu, na inayouzwa ni ya milimita 12. Reli mpya, SGR, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017, ina upana wa milimita 1,435, yaani milimita 16 na nusu kwa kipimo chetu. Kwa hiyo mezani kwetu reli zote mbili zinaweza kwenda sambamba, na mtoto akaona tofauti bila kuelezwa.

Kazi ilikwenda vizuri mpaka tulipofika kwenye daraja. Tulikuwa tumefinyanga bonde la plasta, refu na jembamba, na juu yake reli ilibaki imekatika pande mbili. Kila mmoja alikuwa na daraja lake kichwani. Wengi walilipenda la Jinja, lililofunguliwa mwaka 1931: upinde wa chuma juu ya Nile, treni ikipita juu na magari chini yake, kabla magari hayajahamia bwawa la Owen Falls miaka ya 1950. Msichana mmoja alitaka nguzo za zege za SGR zinazokatiza Mbuga ya Nairobi. Mwingine alikuwa amepata picha za madaraja ya chuma yanayotengenezwa Ujerumani, yamekwisha kuunganishwa na kupakwa rangi, unalipa unaletewa. Yalikuwa mazuri. Lakini yalikuwa madaraja ya mito ya Ujerumani, na mimi niliona kwamba kabla hatujachagua chochote, lazima mtu aende akatazame bonde la kweli ambalo bonde letu la plasta linaliiga. Vijana wakakubali, kwa sharti kwamba tutarudi na vipimo, si na hadithi.

Basi Ijumaa hiyo tukapanda matatu ya namba 25 mpaka mjini na kufika stesheni jua likiwa bado liko. Treni hii ya reli ya zamani ilirudishwa Desemba 2021, baada ya kilomita 217 za kati ya Nakuru na Kisumu kukarabatiwa. Tiketi ya daraja la kawaida ilikuwa shilingi 600. Sikuwa nimewahi kuipanda, wala sikuwa nimewahi kufika ng'ambo ya Nakuru kwa njia yoyote. Fundi alikuwa amebeba mfuko wa kitambaa wenye futi ya chuma, kamba iliyofungwa mafundo, daftari, na karatasi nyembamba za kuchukulia chapa. Nilipomuuliza karatasi hizo za nini akasema nitaona.

Treni ilipita Kibera watu wakiwa wanafunga vibanda vyao kando ya reli, ikapanda kuelekea Kikuyu na Limuru, na giza likatufikia kabla hatujaanza kuteremka ukuta wa Bonde la Ufa. Hapo ndipo Fundi alipoanza masomo. Alikuwa amekaa karibu na dirisha, amelifungua kidogo licha ya baridi. “Sikiliza,” alisema. “Hapa tuko juu ya kokoto. Mlio ni mzito, umemezwa.” Baadaye kidogo, mahali fulani kabla ya Naivasha, mlio ukabadilika kwa muda mfupi: ukawa wazi, wenye mwangwi, kisha ukarudi. “Hilo ni karavati au daraja fupi. Chini hakuna kitu.”

Nakuru tulifika usiku umekwenda sana. Baadhi ya watu walishuka, wengine wakapanda na magunia na watoto waliolala mabegani. Kutoka pale njia inaanza kupanda tena: Njoro, Molo, na baridi ile ya Molo inayoingia kwenye mifupa. Nilimweleza Fundi nilichokuwa nimekisoma, na yeye akakigeuza kuwa hesabu. Kilele cha Mau kiko zaidi ya mita 2,500 kutoka usawa wa bahari. Ziwa liko mita 1,134 hivi. Treni si gari. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma huteleza, na wahandisi wa reli milimani hawapendi mteremko uzidi mita 2 kwa kila mita 100. “Basi kushuka mita 1,400 unahitaji kilomita 70,” alisema Fundi. “Na mlima haujali mahesabu yako.” Hiyo ndiyo sababu ya madaraja ya Mau. Maji yaliyopo ni ya vijito tu, lakini reli haina ruhusa ya kushuka bondeni na kupanda tena. Inajishikilia ubavuni mwa mlima kwa mteremko ule ule, na kila korongo likikatiza, reli inaruka.

Na tulianza kuruka. Baada ya Mau Summit mlio wa wazi ulianza kuja, ukakaa, ukaondoka, ukaja tena. Safari hii haukuwa wa kupita haraka. Treni ilikuwa inakwenda polepole, na chini yetu palisikika ngurumo ndefu ya chuma kitupu, na ndani ya ngurumo hiyo palikuwa na kipigo kidogo kinachojirudia kwa nafasi sawa. Fundi alikuwa anapiga mstari kwenye daftari kwa kila kipigo. Kwenye madaraja haya, alinieleza, reli haikai juu ya kokoto. Mataruma ya mbao yamelala moja kwa moja juu ya mihimili ya chuma, na kati ya taruma na taruma ni hewa. Kile kipigo ni mahali mhimili mmoja unapoishia na mwingine unapoanza. Kwa kusikiliza tu alikuwa anapata idadi ya nafasi za kila daraja. Abiria aliyekaa mbele yetu, mama aliyekuwa anakwenda Kibigori, alituuliza kama sisi ni wafanyakazi wa reli. Fundi alimjibu kwamba sisi ni walimu, na nilifurahi aliponihesabu mimi na yeye pamoja.

Asubuhi ilitukuta Miwani, kati ya mashamba ya miwa, na ziwa halikuwa mbali. Sitakaa sana Kisumu. Tulikunywa chai na mandazi nje ya stesheni, tukapanda matatu ya kurudi mashariki kupitia Chemelil na Muhoroni, tukashuka Fort Ternan. Huko tukachukua bodaboda mbili kuelekea Kipkelion, ambayo wakati wa ukoloni iliitwa Lumbwa, kwa barabara ya vumbi inayopotea na kuonana tena na reli kama inavyotaka. Mashamba ya kahawa na mahindi yalikuwa pande zote. Yule kijana wa bodaboda aliyenibeba mimi alisimamisha pikipiki bila kuambiwa. “Ni hilo,” alisema.

Daraja lilikuwa juu ya vichwa vyetu, likikatiza korongo lenye kijito kidogo kinachokwenda kuungana na maji ya Nyando. Hatukupanda juu yake, na ninawasihi wasomaji wasipande: ni kosa kisheria, na juu ya daraja la namna hiyo hakuna mahali pa kukimbilia treni ikija. Lakini daraja la chuma hujifunza vizuri zaidi ukiwa chini. Lile la zege la mbugani unaweza kulitazama siku nzima usijue ndani yake nini kinavuta na nini kinasukuma. Hili halifichi kitu. Kila kipande kiko wazi, na kila kipande kina kazi unayoweza kuitaja.

Muundo wake ni huu. Kuna minara ya chuma iliyosimama juu ya misingi ya mawe na zege. Kila mnara una miguu minne, na miguu hiyo imepanuka kuelekea chini, kama utingo anavyopanua miguu matatu ikikata kona. Upepo wa Mau ukisukuma behewa kutoka ubavuni, ule upana wa chini ndio unaozuia mnara kuinama. Kati ya miguu kuna vyuma vya kulala na vyuma vyembamba vya mshazari vinavyokatana. Juu ya minara imelazwa mihimili ya bamba: mabamba marefu yaliyosimama wima, yamezungushiwa vyuma vya pembe juu na chini. Nafasi juu ya mnara wenyewe ni fupi, nafasi kati ya mnara na mnara ni ndefu, halafu fupi tena, halafu ndefu. Fundi alifungua daftari lake na kunionyesha mistari ya usiku. Vipigo vyake vilikuwa vimekwenda hivyo hivyo.

Historia ya madaraja haya inafaa kuelezwa kwa sababu ndiyo iliyoyapa umbo. Reli ya Uganda ilianza Mombasa mwaka 1896 na kufika Nairobi mwaka 1899. Ilipofika Mau, ilibidi yajengwe madaraja makubwa 27, mengine yakipita futi 100 kwenda juu, na yalitakiwa upesi. Kampuni za Uingereza zilitaka muda mrefu na fedha nyingi zaidi. Kazi ikapewa American Bridge Company ya Marekani, jambo lililozua maneno makali London, kwa kuwa fedha zilikuwa za walipa kodi wa Uingereza. Wamarekani walikuwa na njia yao: vipande vya aina chache, vinavyofanana, vinarudiwa daraja baada ya daraja. Vilikatwa, vikatobolewa na kutiwa alama huko kwao, vikaja kwa meli hadi Mombasa, vikapanda treni hadi mwisho wa reli, vikaunganishwa hapa korongoni na Wamarekani wachache pamoja na vibarua wengi waliotoka India. Reli ilifika Kisumu tarehe 20 Desemba 1901, na kwenye makorongo mengi treni za kwanza zilishuka na kupanda kwa njia za muda huku minara ikiendelea kuinuliwa.

Hiyo ni habari njema kwa mtu anayejenga daraja dogo. Aliyebuni haya alikuwa na tatizo kama letu: alitaka daraja ambalo watu wasio mabingwa wangeweza kuliunganisha mbali na karakana, kutokana na vipande vya aina chache. Vijana wa Baba Dogo hawawezi kutengeneza upinde wa Jinja, ambamo karibu kila kipande kina urefu wake. Lakini mnara wa miguu minne wanaweza, na wakishaujua mmoja wameijua yote.

Mzee mmoja aliyekuwa anachunga ng'ombe alitukaribia. Nilimwamkia kwa Kikalenjin nilichokuwa nacho, “Chamgei,” akaitikia kwa furaha, kisha akatuokoa kwa kuendelea na Kiswahili. Aliwahi kufanya kazi katika genge la reli. Kazi yao, alisema, ilikuwa kutembea sehemu yao kila siku na spana na nyundo, kukaza kilicholegea na kugonga kilichotia shaka. Niliona Fundi akitabasamu aliposikia neno kugonga. Mzee alitukumbusha pia jambo ambalo mahesabu yetu yalikuwa yamelipita. “Reli hii watu hawakuikaribisha,” alisema. Wanandi walipigana nayo kwa miaka, wakachukua waya za simu na vyuma vya reli, mpaka Koitalel arap Samoei alipouawa Oktoba 1905. Na vibarua wa India waliokufa katika ujenzi wa reli nzima, tangu pwani, ni karibu 2,500. Niliandika hayo kwenye daftari pembeni ya vipimo, kwa sababu vijana wetu wanapaswa kuyajua pamoja.

Nilimuuliza mzee juu ya injini za mvuke. Nilitaka kujua kama zile Garratt kubwa za kundi la 59 zilipita hapa, kwa kuwa mtoto yeyote aliyewahi kufika Makumbusho ya Reli Nairobi huzitaka zile tu. Alicheka. Zile zilikuwa za njia ya Mombasa. Zilitengenezwa na Beyer Peacock wa Manchester kuanzia mwaka 1955, 34 kwa jumla, kila moja ikipewa jina la mlima na kila moja ikiwa na uzito wa tani 252. Huku juu, alisema, walikuja ndugu zao wepesi, Garratt za kundi la 60. Daraja na injini huchaguana. Ukiweka 5918 ya makumbusho, ile iitwayo Mount Gelai, juu ya minara hii, hata mezani, mtu anayejua reli ataona aibu kwa niaba yako.

Hapo Fundi akauliza swali la kweli la karakana: je, bati jembamba litabeba injini yetu? Tulikaa chini ya daraja tukapiga hesabu. Urefu ukigawanywa kwa 87, eneo la chuma linalobeba linagawanywa kwa 87 mara mbili, yaani 7,569. Lakini uzito, ambao unafuata ujazo, unagawanywa kwa 87 mara tatu, yaani 658,503. Tani 252 za Mount Gelai zinakuwa gramu 383 tu. Maana yake kitu kidogo kina nguvu mara 87 zaidi ya kile kikubwa, ukilinganisha na mzigo wake. Fundi alirudia hesabu mwenyewe, akakuta ni sawa, akanyamaza kidogo. Daraja letu halina haja ya unene ili libebe. Lina haja ya wembamba ili lifanane. Huko ndiko madaraja mengi ya kutengenezwa nyumbani yanakoharibika: fundi wa mageti anachukua chuma cha pembe cha inchi moja kwa sababu ndicho alicho nacho, na matokeo yake ni geti lililolala.

Ndipo karatasi zile nyembamba zikatoka mfukoni. Fundi aliweka moja juu ya bamba la mguu wa mnara, mahali panapofikika kwa mkono, akaipaka penseli kwa ubavu. Vichwa vya ribiti vikajitokeza, safu kwa safu, duara nyeusi juu ya karatasi nyeupe. Enzi hizo chuma hakikuchomelewa. Ribiti ilitiwa motoni mpaka iwe nyekundu, ikapenyezwa kwenye tundu la mabamba mawili, na upande wa pili ikapigwa nyundo mpaka ikaota kichwa cha pili. Ikipoa husinyaa, na kusinyaa huko hubana mabamba kwa nguvu ambayo bolti ya kawaida haiipati. Fundi amechomelea chuma maisha yake yote. Alipitisha kidole juu ya safu ile akasema kwamba mkono uliofanya hivi haukuwa na haraka. Kisha akapima umbali wa kichwa hadi kichwa na kuniambia niandike. Mezani umbali huo utakuwa kidogo zaidi ya milimita moja, na vijana watavibonyeza vichwa hivyo kwa ncha ya bikari ya seti ya jiometri, kutoka nyuma ya bati, juu ya kipande cha kadibodi, bila kupasua.

Mambo mawili zaidi tuliyaona ambayo picha haikuwa imetuonyesha, na kwangu hayo peke yake yalilipa safari. La kwanza ni kona. Daraja lile liko kwenye mzunguko, reli inakata kushoto. Nilidhani mihimili nayo imepinda. Haijapinda hata kidogo. Kila mhimili ni mnyoofu kabisa. Minara ndiyo iliyosimamishwa kufuata mzunguko, na reli juu inapinda huku ikiuvuka mhimili, mahali pengine karibu na ukingo mmoja, pengine karibu na ukingo wa pili. Hilo linabadilisha mpango wetu wote, maana tulikuwa tumeandaa kukunja bati. La pili ni vikalio. Mhimili haujafungwa ncha zote mbili. Upande mmoja umeshikwa, upande wa pili umekaa juu ya bamba la kutelezea. Chuma cha urefu wa mita 18 kikipata joto la nyuzi 30 zaidi, kama linavyopanda kutoka alfajiri ya Kipkelion hadi juani saa nane mchana, hurefuka milimita 6 na zaidi. Kikifungwa pande zote, kitaisukuma minara. Kwa kipimo chetu milimita 6 hazionekani, lakini lile bamba la chini linaonekana, na bila hilo mhimili unakuwa kama umegandishwa kwa gundi, jambo ambalo, kwa kweli, ndilo tutakalofanya.

Tulipima kwa kamba ya mafundo kadiri tulivyoweza bila kupanda: nafasi ya mguu hadi mguu, upana wa msingi, kina cha bamba la mhimili kwa kulinganisha na kimo cha Fundi aliyesimama kando ya mnara mfupi wa ukingoni. Mzee alitushikia ncha ya pili ya kamba. Ng'ombe wake walikuwa wamekwisha kuvuka kijito na kwenda zao, akatuaga, akawafuata.

Njiani kurudi Kisumu tulikata shauri. Nafasi zetu zitafuata mpango wa Mau: fupi juu ya mnara, ndefu kati ya minara. Mihimili itakuwa minyoofu, na mzunguko utabebwa na minara. Injini itakayovuka itakuwa nyepesi, na Mount Gelai itabaki upande wa Mombasa wa meza. Kilichobaki kilikuwa chuma chenyewe. Shaba ya manjano ndiyo wanayoipenda wajenzi wa Ulaya, na inalehemika vizuri, lakini bei yake Nairobi ingetumaliza. Alumini hailehemiki kwa vifaa tulivyo navyo. Bati la paa lina zinki, na moshi wake likitiwa moto ni sumu. Sitaruhusu mtoto aukaribie. Fundi alitaja chuma chakavu, na nikamwambia nitakubali chochote isipokuwa kile kinachosemekana kimetoka kwenye reli. Biashara ya chuma chakavu ilisimamishwa nchini kwa miezi kadhaa mwaka 2022 kwa sababu ya watu waliokata minara ya umeme, na mimi sitaki daraja la watoto lijengwe kwa bolti iliyoibwa kwenye daraja la kweli.

Jibu tulilipata Kisumu, katika soko la Kibuye, kwa mafundi wa mabati. Walikuwa wanatengeneza koroboi na faneli kwa mikebe ya mafuta ya kupikia, na koroboi zile zilikuwa zimelehemiwa kwa mshono mwembamba, safi, usiovuja. Bati la mkebe ni chuma kilichopakwa stani. Lehemu hulishika mara moja. Unene wake ni kama robo milimita, ambayo kwa kipimo cha 1:87 ni sentimita 2 na kidogo, mara mbili hivi ya bamba la kweli, na jicho haliwezi kuiona tofauti hiyo. Fundi alichukua kipande cha ukingo, akakibana kwenye jiliwa la mwenye karakana, akakikunja kwa nyundo ndogo, na mbele yangu kikawa chuma cha pembe cha milimita 2 kila upande. Akakitazama kwenye mwanga, akakikunja tena kidogo, akaridhika.

“Cha nini hiki?” aliuliza mwenye karakana.

“Mguu wa daraja la Kipkelion.”

Jamaa huyo hakushangaa. Alikwenda nyuma ya kibanda, akarudi na mikebe mikubwa isiyo na kutu, akatuonyesha upande ambao chuma chake hakina mikunjo ya kiwandani. Tulikubaliana bei. Fundi akaomba ifunguliwe na kunyooshwa pale pale kwa mkasi wa bati, na kingo zake zikunjwe, kwa sababu tulikuwa tunarudi kwa basi la usiku na mzigo ungekuwa mapajani mwetu mpaka Nairobi.